Kufikisha modemu ya USB ndani ya kontena la Docker

Karibu tena. Leo tuna modemu ya USB yenye laini ya simu, na programu yetu ya kutuma SMS inakaa ndani ya kontena la Docker, yaani chumba kilichotengwa na mashine ambamo programu huendeshwa. Modemu iko nje, programu iko ndani. Tutazikutanisha, na hatutagusa --privileged, chaguo la Docker linalolifungulia kontena vifaa vyote. Natumia Linux. Kwenye Windows na Mac, Docker Desktop huendesha makontena ndani ya mashine pepe, kwa hiyo modemu haifiki huko moja kwa moja.

Chomeka modemu, fungua teminali, andika:

ls -l /dev/ttyUSB*

Modemu nyingi hutoa poti zaidi ya moja, usishangae ukiona ttyUSB0 mpaka ttyUSB2. Sitisha video kidogo uutazame mstari wa kwanza:

crw-rw---- 1 root dialout 188, 0

Herufi c pale mwanzoni inakwambia hili si faili la kawaida. Halina data ndani yake, ni mlango tu wa kuifikia draiva, programu inayoendesha modemu, iliyoko kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux. 188 inataja draiva, 0 inataja poti. Na wenye ruhusa ya kuufungua mlango huu ni root, mtumiaji mkuu wa mfumo, na kikundi cha dialout. Hilo la kikundi tutalirudia.

Wengi huanza na -v, chaguo la kuingiza faili au folda ndani ya kontena. Jaribu ujionee:

docker run --rm -it -v /dev/ttyUSB0:/dev/ttyUSB0 debian bash

Ukiwa ndani, ls inakionyesha kifaa. Sasa andika cat /dev/ttyUSB0. Unajibiwa "Operation not permitted". Wewe ni root, na bado umekataliwa! Aliyekataa ni cgroup, sehemu ya kerneli inayoamua kontena lifungue kifaa gani. -v imeleta faili peke yake, idhini haikuja nayo.

Toka kwa exit, kisha:

docker run --rm -it --device=/dev/ttyUSB0:/dev/modemu:rw debian bash

Kwanza jina la nje, kisha jina litakaloonekana ndani, mwisho ruhusa: r ya kusoma, w ya kuandika. Ukiiacha sehemu ya mwisho, Docker huongeza na m, ruhusa ya kuunda faili la kifaa. Hatuihitaji, tusiitoe.

Tupime kwa picocom, programu ya kuzungumza na poti:

apt update && apt install -y picocom
picocom /dev/modemu

Andika AT, amri ya kuiamkua modemu, bonyeza Enter. Modemu inajibu OK. Ikinyamaza, jaribu poti nyingine. Ukiambiwa poti inatumika, huenda ModemManager, huduma ya kompyuta yako inayosimamia modemu, imeishika. Isimamishe kwa sudo systemctl stop ModemManager.

Najua utakutana na ushauri wa kuweka --privileged ili yaishe. Tafadhali usiufuate. Inalifungulia kontena vifaa vyote vya mashine, diski yako ikiwemo, na programu ya SMS haina shughuli yoyote na diski. Ikidukuliwa, umeshamkabidhi mdukuzi mashine nzima.

Sasa kile kikundi. Programu nzuri haiendeshwi na root, na ukiiendesha kwa mtumiaji wa kawaida utaona "Permission denied". Zisome kauli hizi mbili kwa makini: "Operation not permitted" hapa ilitoka kwa cgroup, "Permission denied" inatokana na ruhusa za faili lenyewe. Kuongeza --device mara ya pili hakutasaidia. Nje ya kontena, uliza namba ya kikundi:

stat -c %g /dev/ttyUSB0

Kwenye Debian na Ubuntu utapata 20. Ipe Docker namba hiyo kwa --group-add, usiipe jina, maana kerneli hutazama namba, na imeji yako (kifurushi ambacho kontena huundwa kutoka kwacho) huenda haina kabisa kikundi kinachoitwa dialout.

Limebaki jina la modemu. Ukiichomoa na kuirudisha wakati programu bado imeishika poti, ttyUSB0 inaweza kurudi ikiitwa ttyUSB3. Jina lisiloyumba liko hapa:

ls -l /dev/serial/by-id/

Chagua poti iliyokujibu OK, kisha weka jina lake palipoandikwa JINA, na imeji yako palipoandikwa imeji-yangu; 1000 ni namba ya mtumiaji wa kawaida, 20 ni ile ya kikundi:

docker run -d --name sms --user 1000 --group-add 20 --device=/dev/serial/by-id/JINA:/dev/modemu:rw imeji-yangu

Docker hulitafuta jina hilo wakati kontena linapowaka tu. Kwa hiyo kila ukichomoa modemu na kuichomeka upya, andika docker restart sms, na programu itaikuta tena kwenye /dev/modemu.