COF kwenye kinu: dakika moja badala ya siku tatu

Mambo wadau, leo tunatengeneza COF (covalent organic framework), ile poda yenye vitundu vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki. Zile za kwanza kabisa, za timu ya Omar Yaghi kule Marekani mwaka 2005, zilipikwa siku tatu kwenye mirija ya kioo iliyozibwa, zikilowa kwenye vimiminika vya kuyeyushia, mesitilini na dayoksani, sasa hapo kiwandani utafika wapi. Hii ya leo ni ya timu ya Rahul Banerjee, India, 2017, na inafanana zaidi na ufinyanzi kuliko kemia.

Vaa glavu kwanza, tena sio utani. Tunatumia parafenilinidiamini, ndiyo ile ile inayowatoa malengelenge mabibi harusi wakipakwa piko.

Pima miligramu 476 za asidi ya toluini-sulfoniki, weka kwenye kinu na miligramu 49 za hiyo diamini, twanga kama dakika tano. Usiruke hapa! Asidi inaishika diamini inakuwa chumvi, kwa hiyo ikikutana na mwenzake tutakayemtia hatua inayofuata haimrukii ovyo, vifungo vinapata muda wa kujipanga, ukichanganya vyote kwa mpigo unapata poda tu isiyo na mpangilio na umepoteza mali.

Sasa tia miligramu 63 za triformilifloroglusinoli, tuiite Tp ulimi usije ukavunjika. Twanga dakika kumi, rangi itabadilika machoni pako. Ongeza maji mikrolita 100, yaani matone mawili matatu tu, ponda mpaka iwe kama udongo wa mfinyanzi, itandaze, ingiza oveni digrii 170 kwa sekunde 60. Ndio, sekunde.

Ikitoka ioshe kwa maji ya moto, yale maji usimwage maana asidi yote imo humo na ukiitoa unaitumia tena. Suuza na asetoni, kausha.

Ukitaka nyingi, kinu kiache, hao jamaa waliipitisha kwenye mashine ya skrubu mbili, unalisha huku, kule inatoka mfululizo.

Mwisho piga eksirei ya poda, inakupa mchoro wa vilele kwa pembe (2θ). Kilele chembamba kikisimama karibu na digrii 4.7, umepata. Ukiona kilima kipana tu, ulikimbilia Tp mapema, rudi kwenye kinu.