Kapita Hapendi Kapenta: Marafiki Wasioonekana na Miji ya Kichwani

NADINE: Karibuni. Mnatusikiliza kutoka Lubumbashi, mimi ni Nadine.

TRÉSOR: Na Trésor wa Katuba, kama kawaida. Mkisikia mngurumo nyuma yetu, ni grupu ya jirani, mashine ya umeme. Mtuvumilie.

NADINE: Leo tunaanza na sauti aliyotutumia mama mmoja wa Kampemba. Mwanawe ana miaka mitano. Kila jioni anajitenga nyuma ya jiko, anaongea, anacheka, ananyamaza kama anayesubiri jibu, halafu anaendelea. Majirani wameanza minong'ono, na mmoja amekwisha kumshauri ampeleke kwenye maombi.

TRÉSOR: Yaya, hapo ndipo moyo wangu unaposhtuka. Safari hiyo tunaijua inakoishia.

NADINE: Leo wanasema mtoto ana kitu. Wiki ijayo ana roho. Kisha kila kinachoharibika kwenye lupango ni yeye: papa kapoteza kazi, ni yeye, mtoto mchanga kashikwa na homa, ni yeye. Basi niliseme mapema. Sheria ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na anayefanya hivyo anaweza kufungwa. Hata akiwa mchungaji. Hata akiwa shangazi.

TRÉSOR: Na huyu wa Kampemba kosa lake ni nini? Ana rafiki tu.

NADINE: Ana rafiki, na hayuko peke yake. Marjorie Taylor, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, amechunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2004 yeye na wenzake walionyesha kwamba kati ya watoto waliowafuatilia, asilimia 65 walikuwa wamewahi kuwa na rafiki wa kufikirika kabla hawajapita miaka 7. Humo wamehesabu hata midoli ambayo mtoto anaipa sauti na tabia.

TRÉSOR: Sawa, lakini hao ni watoto wa Oregon. Mtoto ana chumba chake na mlango wa kufunga, lazima atafute wa kuongea naye. Huku kwetu mtoto analala na wenzake wanne kwenye mkeka mmoja. Rafiki wa kufikirika atapita wapi?

NADINE: Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Binti wa dada yangu anaishi kwenye nyumba isiyo na hata kona ya kupumulia, na bado ana Kapita.

TRÉSOR: Kapita nani?

NADINE: Kapita tu. Nkambo wake, yaani babu yake, alifanya kazi mgodini, na katika kila hadithi yake lazima kuwe na kapita, msimamizi wa kazi, anayefokea watu. Mtoto amemchukua huyo kapita akamfanya wake. Anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na mbabula. Siku moja nilitaka kuketi pale, akapiga kelele: "Mama kadogo, utamkalia!" Bukari ikipakuliwa, anamega kitonge, anakiweka ukingoni mwa sahani. Siku ya sombe Kapita anakula vizuri. Siku ya kapenta hagusi, eti hapendi samaki wanaomtazama.

TRÉSOR: (anacheka) Hapo namuunga mkono. Na kile kitonge kinaliwa na nani?

NADINE: Na yeye mwenyewe! Anasubiri kidogo, anatazama pembeni, anakimeza. Nikamuuliza kwa upole, kama mtu mzima mwenye hekima zake: "Kapita ameshiba?" Akanitazama kwa huruma. "Mama kadogo, Kapita ni wa kucheza tu."

TRÉSOR: Kumbe anajua.

NADINE: Anajua kuliko majirani. Taylor naye amekutana na hilo: katikati ya mahojiano mtoto anamkatiza mtafiti, anamkumbusha kwamba huyo rafiki ni wa kujifanya, asije akadanganyika. Na marafiki hao si malaika. Wengine ni wabishi, hawagawi vitu, hawaji wakiitwa. Mtoto analalamika juu ya rafiki aliyemtunga yeye mwenyewe!

TRÉSOR: Sasa mama wa Kampemba afanye nini?

NADINE: Asikilize. Asimkemee, na asijifanye yeye ndiye anamjua huyo rafiki zaidi. Rafiki wa namna hiyo mara nyingi anasema yale mtoto anayoogopa kusema. Mtoto akikwambia "Kapita hataki kwenda kalasi", usicheke. Uliza Kapita ameona nini huko. Unaweza kusikia habari ya fimbo ambayo mtoto mwenyewe asingeitamka.

TRÉSOR: Na wasiwasi uanzie wapi?

NADINE: Kama sauti inamtisha, inamwamuru ajiumize au aumize wengine, na hawezi kuinyamazisha. Kama ameacha kulala, au ameacha kabisa kucheza na wenzake. Hapo nenda kwa daktari, na usikawie.

TRÉSOR: Unajua, nkambo wangu angecheka mazungumzo haya. Kwake mtoto akiongea peke yake, alikuwa anaongea na yule mzee aliyempa jina. "Mumuache, wanasalimiana." Kwisha. Anarudi kwenye sombe yake.

NADINE: Si maelezo ya Taylor, lakini mtoto alibaki salama. Kati ya nkambo wako na hawa wanaowashindisha watoto njaa siku tatu ili roho itoke, namchagua nkambo bila kufikiri mara mbili.

TRÉSOR: Mimi rafiki sikuwa naye. Nilikuwa na nchi.

NADINE: Nchi nzima?

TRÉSOR: Nchi yenye forodha! Tulitengeneza mituka ya waya, magurudumu ya vifuniko, bodi ya kopo la sardini. Tukachora barabara kwenye udongo mwekundu, kutoka ukutani kwetu mpaka kwenye mwembe, na kwenye mwembe ndiko kulikuwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kila lori lilipanga foleni. Ushuru tulilipa kwa majani ya mwembe, jani bichi ni franka mia, kavu halipokelewi. Kaka yangu alikuwa mkuu wa forodha na alikula rushwa ya karanga za kweli.

NADINE: (anacheka) Mlijifunza mapema.

TRÉSOR: Na Kinshasa haikuwepo kwenye ramani. Hatukuikataa, udongo uliisha tu.

NADINE: Basi ungeelewana na watoto wa Brontë, wale ndugu wa Uingereza waliokuja kuwa waandishi. Juni 1826, baba yao, mchungaji wa Haworth, alimletea mwanawe Branwell askari 12 wa mbao. Charlotte, Emily, Anne na Branwell wakawapa majina, vita, magazeti, na vitabu vidogo sana vya kuwatosha askari wenyewe kuvisoma. Na mji wao mkuu unajua waliuweka wapi? Pwani ya Afrika Magharibi!

TRÉSOR: Ambako hawajawahi kufika.

NADINE: Hawajawahi. Sisi tunaiota Bulaya, wao waliota huku.

TRÉSOR: Nao walikua, wakaacha.

NADINE: Wapi! Mwaka 1836 Charlotte alikuwa mwalimu wa shule, ana miaka 20, na bado aliandika kwenye daftari lake jinsi wanafunzi walivyomkera kwa kumtoa katika Angria, ile nchi yake ya kichwani.

TRÉSOR: Sisi tuna Bodys Isek Kingelez, msanii wa hapa Kongo. Mtu mzima, alikuwa akitengeneza vinyago vilivyoharibika kwenye makumbusho ya Kinshasa, akaanza kujenga miji ya karatasi, katoni, vifuniko vya chupa. Mwaka 1996 alijenga mji mzima na kuueleza kuwa hauhitaji polisi wala madaktari. Mwaka 2018, alipokuwa ameshafariki, miji yake ilionyeshwa New York. Mtoto akifanya hivyo tunasema anachafua nyumba.

NADINE: Lakini yeye alitoa kitu nje, watu wakakizunguka na kukitazama. Kuna wanaobaki ndani. Eli Somer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Haifa, Israeli, aliandika juu yao mwaka 2002: watu wazima wanaozama kwenye hadithi za kichwani saa nyingi kwa siku, mpaka kazi na ndoa zinalegea. Wanajua kabisa kwamba si kweli. Kutoka ndiko kugumu.

TRÉSOR: Yaya, mimi kwenye bisi najenga nyumba kichwani, mtaa wa Golf. Ghorofa mbili. Juzi nilibishana na fundi juu ya vigae.

NADINE: Ukashuka kituo chako?

TRÉSOR: Nilishuka.

NADINE: Basi endelea kujenga.

TRÉSOR: Fundi anataka malipo ya kwanza.

NADINE: Mpe majani ya mwembe, mabichi. Wasikilizaji, ramani za nchi zenu tunazisubiri, picha ya simu inatosha. Trésor, mtazame jirani kama anazima ile grupu, tuna tangazo moja la kurekodi.