Risasi gani, mtutu wa urefu gani? Bunduki ya kuundiwa na fundi kwa uwindaji wa nyati

Karibuni watazamaji. Leo namsaidia mwindaji mwenye leseni anayetaka kuundiwa bunduki yake mwenyewe, ya kuingia nayo kwenye miombo ya Tanzania. Walio Kenya wanajua uwindaji umepigwa marufuku kwao tangu 1977, kwa hiyo mazungumzo haya ni ya upande wa huku.

Kabla ya lolote, tazama mikono yangu. Navuta boliti, yaani komeo linalofunga nyuma ya mtutu, nachungulia chemba risasi inapokaa, napitisha kidole ndani. Hakuna risasi. Fanya hivi kila unapoishika, hata kama aliyekukabidhi ameikagua mbele ya macho yako.

Hatua ya kwanza, chukua karatasi uandike wanyama unaokusudia kuwinda kwa kibali. Usianze na jina la risasi uliyosikia ikisifiwa kambini. Kama orodha yako inaishia kwa swala pala, pongo, ngiri na kongoni, risasi ya .30-06 inatosha kabisa. Ipo tangu 1906, na kichwa chake cha greni 180 (greni ni kipimo cha uzito, kama 15 hufanya gramu moja) hutoka kwa takriban mita 820 kwa sekunde. Hata pofu anaangushwa nayo, mradi kichwa cha risasi kiwe imara na umsubiri akupe ubavu.

Akiingia nyati kwenye orodha, mambo yanabadilika. Sheria ya Tanzania inataka risasi yenye kipenyo kisichopungua inchi .375 kwa wanyama hatari. Hapa ndipo wengi wanapobishana kuhusu risasi hii, 9.3x62. Iliundwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya walowezi wa Afrika, ikaingia kwenye bunduki za kawaida za Mauser, na imeangusha nyati wengi sana. Naipenda. Lakini kipenyo chake ni .366, haifiki kiwango. Usimwagize fundi bunduki itakayokuletea matatizo na askari wa wanyamapori.

Hatua ya pili, weka risasi mezani uzitazame kwa karibu. Hii ni .375 H&H ya mwaka 1912, kutoka Holland & Holland wa London. Ona ganda linavyopungua unene taratibu kutoka kwenye kitako kwenda juu, na bega lake lilivyolala. Umbo hilo ndilo linaloifanya iteleze kuingia chembani bila kukwama, na ganda litoke kwa wepesi hata jua la Oktoba likiwa kali. Joto hupandisha msukumo wa baruti, ndiyo maana risasi haziachwi juu ya dashibodi ya gari. Kichwa cha greni 300 hutoka kwa kama mita 770 kwa sekunde. Na ukiishiwa risasi porini, hii ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kupatikana kambi ya jirani.

Ya pembeni ni .416 Rigby, ya 1911. Greni 400, nguvu ya kutosha hata kwa tembo. Ila tazama unene wake. Inahitaji boliti yenye uso mpana na magazini ndefu, bunduki inakuwa nzito na ghali, na inapiga bega kwelikweli. Mwindaji bingwa anayemlinda mgeni ana sababu ya kuibeba. Wewe unayetaka bunduki moja ya nyati na kongoni pia, chukua .375. Nyati hufa kwa risasi iliyofika mahali pake, na anayeogopa teke la bunduki yake hafumbui macho anapofyatua.

Sasa mtutu. Upime hivi: funga boliti, ingiza ufito wa kusafishia kutokea mdomoni mpaka ugonge uso wa boliti, tia alama kwenye ufito usawa wa mdomo, uchomoe upime. Chemba imo ndani ya kipimo hicho.

Kiwandani .375 nyingi hupewa inchi 24, yaani sentimita 61. Kila inchi unayokata inakupunguzia takriban mita 7 hadi 10 kwa sekunde. Ukishuka mpaka 22 umepoteza kama mita 15 hadi 20 kati ya 770. Nyati anapigwa ndani ya mita 100, mara nyingi chini ya hapo sana, hatatambua tofauti hiyo. Wewe utaitambua kila unapopita kwenye kichaka, unaposhuka garini, unapogeuka ghafla ndani ya nyasi ndefu. Mimi nasema 22 au 23. Chini ya 20 sikushauri: mlipuko unakuwa mkali, na mdomo wa bunduki unakuwa mwepesi mno, haukai shabaha ukiwa umechoka unahema.

Usikubali pia breki ya mdomoni, kile kifaa chenye matundu kinachofungwa kwenye ncha ya mtutu. Inapunguza teke, lakini inasukuma mlipuko pembeni, kwenye masikio ya mfuatilia nyayo aliyesimama kando yako. Huyo ndiye aliyekufikisha kwa mnyama.

Kwa fundi andika: mzunguko mmoja wa mifuo, ile michirizi ya ndani ya mtutu inayozungusha risasi, kwa kila inchi 12, mdomo umalizwe kwa kingo iliyozama kidogo ili isigongeke, na pete ya mkanda ifungwe kwenye mtutu wenyewe, mbele ya mbao, isije ikakupiga vidole bunduki inaporudi nyuma.

Siku ya kuichukua, nenda na risasi za bandia, zisizo na baruti wala fataki. Jaza magazini. Sukuma boliti kwa kasi, kisha polepole, kisha bunduki ikiwa imelala ubavu. Kila moja iingie, kila moja itoke. Ikikwama hata moja, irudi mezani kwa fundi, na pesa ya mwisho ibaki mfukoni mwako mpaka atakapoirekebisha.