Umesoma Hadi Darasa la Ngapi?

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu na vijana mliofika ukumbini,

Liko swali linaloulizwa sana katika vikao vya mitaa yetu hapa Dar es Salaam, na hata misibani: "Kwani wewe umesoma hadi darasa la ngapi?" Anayeuliza hivyo hatafuti jibu; ameelemewa na hoja, na sasa anakitanguliza cheti ili mwenzake anyamaze. Pale soko la samaki la Feri nilimsikia mzee mmoja akimweleza mtaalamu kijana kwamba siku aliyoipanga ni ya bamvua, maji yatakupwa mno na vyombo vitakwama. Alijibiwa, "Mzee, mimi nimeyasomea haya." Mzee akanyamaza, na wavuvi wenzake hawakusema neno tena hadi kikao kilipokwisha.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliwahi nafasi kwenye friji kwa kuweka mchanganyiko wake wa aiskrimu ukiwa bado wa moto, akaja kukuta umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipoendelea na masomo Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na tangu hapo darasa zima likaufanya usemi huo kuwa wa kumzomea. Kisha akaja mgeni, Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha hapa Dar es Salaam. Mpemba alimuuliza swali lilelile, wenzake wakacheka. Osborne naye aliamini kijana amekosea, lakini aliahidi kujaribu, na aliporudi alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Maji ya moto yaliganda kwanza. Fundi akasema watarudia hadi wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja. Wanasayansi wanalibishania jambo hilo hadi leo, nami naliona hilo kuwa heshima kubwa kwa swali lililochekwa.

Osborne hakuwa na elimu pungufu kuliko waliomcheka kijana yule. Alikuwa nayo zaidi, na ndiyo iliyomtuma maabara. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alionya kwamba shule zetu zinamzoesha mwanafunzi kuamini kuwa maarifa yote ya maana yamo vitabuni au kwa waliosoma. Wanafunzi wa Mkwawa walicheka kwa sababu walimwona mwalimu akifanya hivyo kwanza. Kwa hiyo sisi walimu tusiharakishe kuwalaumu vijana wanaoshuka Mlimani wakiwadharau wazazi waliouza ng'ombe ili wasome, kabla hatujaeleza tuliwajibu nini siku walipotuuliza jambo tusilolijua.