Neno Moja Jukwaani: Somo la Kwanza kwa Mwanafunzi wa Maigizo

Karibuni kwenye video hii. Leo tuko Kisumu, kwenye ukumbi tulioazima asubuhi hii moja. Nataka wewe uliyeanza masomo ya maigizo muhula huu utoke hapa ukiweza kusimama jukwaani na kusema neno moja likaeleweka.

Chukua chaki. Igawe sakafu mafungu 9: mistari miwili ya kwenda, miwili ya kuikata. Halafu geuka utazame viti vya hadhira. Kulia ni kwa mkono wako wewe mwigizaji, si mkono wa aliyeketi kitini. Upande wa watu ni mbele, upande wa pazia la mwisho ni nyuma. Waingereza huita nyuma "juu" na mbele "chini", na wana sababu: majukwaa mengi ya kale ya Ulaya yalijengwa kwa mteremko, nyuma kumeinuka, ili waliokaa sakafuni wawaone waigizaji wote. Sakafu zilinyooshwa baadaye, majina yakabaki.

Kila mwendo unaopewa uandike pembeni mwa nakala yako ya mchezo: "naingia nyuma kushoto, nasimama katikati." Tumia penseli, maana mwelekezi atabadilisha.

Sasa simama na mwenzako. Msitazamane uso kwa uso kama mnaogombana; kaa mshazari, mguu ulio upande wa hadhira urudi nyuma kidogo, kifua kifunguke. Usimfunike mwenzako. Nikiwa kidato cha tatu, kwenye tamasha la drama za shule, nilisimama mbele ya msichana aliyekuwa na maneno mazito kuliko yote katika mchezo. Waamuzi walisikia sauti, uso hawakuuona. Mpaka leo nayakumbuka mabega yake alipokuwa akitoka. Kwa hiyo jipime: kama huyaoni macho ya watu kitini, nao hawauoni uso wako.

Tuje kwenye sauti. Makanga wa matatu anayeita abiria "Kondele! Kondele!" tangu alfajiri hukaukiwa mapema akisukuma sauti kwa koo. Wewe isukume kutoka tumboni. Lala chali, weka kitabu juu ya tumbo, vuta pumzi kitabu kiinuke, kisha iachilie polepole kwa "sss" mpaka uhesabu 15. Rudia mara tano.

Hapa naomba msikilize sana. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwigizaji mchanga humeza zile za kandokando. "Sitaki" inakuwa "stak". "Hatakuja" inafika kiti cha mwisho ikiwa "takuja", na hapo mchezo mzima umegeuka, kwa sababu ile "ha" ndiyo iliyobeba ukanushi. Tamka mwanzo, tamka irabu ya mwisho, bila kupiga kelele.

Sasa lile neno: "Umekula?" Mama anamuuliza mwanawe aliyerudi usiku. Konstantin Stanislavski, mwigizaji na mwelekezi Mrusi aliyeanzisha pamoja na mwenzake jumba la maigizo huko Moscow mwaka wa 1898, alifundisha kwamba mwigizaji ajiulize mhusika anataka nini. Usijiulize "niseme kwa huzuni au kwa hasira?" Jiulize mama anataka nini kwa huyu kijana.

Mara ya kwanza, anataka kujua alikotoka. Ona, macho yanakwenda kwenye viatu vyake. Mara ya pili, anataka asiondoke tena: mwili unasogea kuelekea mlangoni kabla ya neno kutoka. Mara ya tatu, sufuria ni tupu na hataki kijana ajue. Tazama mkono wangu. Unatua juu ya kifuniko na kubaki hapo, vidole vimetandazwa, na neno linatoka jepesi mno, karibu la furaha: "Umekula?"

Sikuongeza chochote usoni.

Haya, zamu yako. Simamisha video hapa, chukua kifuniko chochote jikoni, uingie kutoka nyuma kushoto.