Dekoda Iwe Mshtakiwa wa Mwisho: Mhadhara juu ya Taa za LED katika Vichwa vya Treni vya Mfano, Lubumbashi

Waheshimiwa wazee, baba na mama, na ninyi vijana mliobanana huko nyuma,

Katika mji ambao reli iliufikia mwaka 1910, na ambao familia nyingi zina babu, mjomba au shemeji aliyekula mkate wa reli, sina haja ya kueleza kwa nini mtu mzima hukesha akizungusha juu ya meza kichwa cha treni kinachoenea kiganjani. Wala sitaeleza kwa urefu dekoda ni nini, ile saketi ndogo ndani ya kichwa inayopokea amri za kidhibiti na kuendesha mota na taa, kwa kuwa walio wengi humu ndani wanazifunga kwa mikono yao. Nimekuja kusema jambo ambalo baadhi yenu mmelisikia kwangu hadi mkalichoka, nami nitalirudia maadamu bado naletewa dekoda nzima zilizohukumiwa kuwa mbovu: taa ikikataa kuwaka, dekoda iwe mshtakiwa wa mwisho.

Hebu tufikiri pamoja. Kichwa kinaitika anwani yake, kinakwenda mbele, kinarudi nyuma, kinapunguza mwendo kikiamriwa, ila taa ya mbele haiwaki. Dekoda iliyofanya hayo yote akili yake ni timamu. Kinachoweza kuwa kimekufa ndani yake ni transista ndogo, yaani swichi ya umeme, inayohudumia taa hiyo moja, na transista haifi hivi hivi; huuawa na waya uliogusa pasipotakiwa, na ukifunga dekoda mpya bila kuutafuta waya huo, utaiua na ya pili.

Rangi za nyaya mnazijua, kwa hiyo nitazipitia upesi. Waya wa buluu ndio chanya ya pamoja ya taa zote. Waya mweupe wa taa ya mbele na ule wa manjano wa taa ya nyuma haileti umeme kwenye taa, bali huufungulia njia ya kwenda kwenye hasi. Basi mguu mrefu wa LED huelekea buluu, na mguu mfupi huelekea mweupe au manjano. Balbu za zamani hazikujali upande, na ndiyo maana wazee wangu waliolelewa na balbu hufunga LED kinyume, kisha hulalamika kwamba vitu vya siku hizi ni dhaifu.

Sasa nije kwenye rezista, kile kipande kidogo kinachozuia mkondo usizidi, na hapa mnivumilie. Kwenye reli za kipimo cha HO, yaani 1:87, huwa tunaweka takriban volti 14 hadi 16. Dekoda ikishaunyoosha umeme huo, tuseme zinabaki volti 13 kati ya buluu na mweupe. LED nyeupe hutaka kama volti 3 tu, kwa hiyo volti 10 zinazosalia lazima zipate mahali pa kushikwa, na mahali hapo ni kwenye rezista. Ukiweka ya omu 1000, mkondo unakuwa miliampea 10, na joto linalozalishwa ni sehemu ya kumi ya wati moja, jambo ambalo rezista ya kawaida ya robo wati inalibeba bila kutoa jasho. Pete zake ni kahawia, nyeusi na nyekundu, na mafundi wa redio wa mitaa yetu ya Kenya na Kamalondo hapa Lubumbashi wanazo tele katika bodi zilizokufa, kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba hakupata.

Najua kuna kijana hapa anayesema moyoni: “Mimi nimewasha LED kwa betri ndogo ya saa, bila rezista yoyote, na haikuungua.” Ni kweli haikuungua. Betri ile ni ya volti 3 tu, tena ina upinzani wake wa ndani unaouzuia mkondo usizidi. Chanzo chenyewe ni dhaifu, na udhaifu huo ndio uliokusaidia. Transfoma ya reli zetu haina udhaifu huo hata kidogo. Itatoa ampea nzima bila kukuuliza jina, na LED yako itawaka mara moja kwa mwanga mkali kuliko ulivyotarajia, kisha haitawaka tena.

Kisa cha rezista moja nimekisimulia mara nyingi, lakini nitakisimulia tena kwa sababu kila msimu kinazaliwa upya. Niliwahi kuletewa kichwa cha dizeli, kazi safi, lehemu inang’aa, kikiwa na taa nyeupe na taa nyekundu kila upande. Waya mweupe uliendesha taa nyeupe ya mbele pamoja na nyekundu ya nyuma. Wa manjano uliendesha nyeupe ya nyuma na nyekundu ya mbele. Hadi hapo mpango ni mzuri. Lakini mwenyewe, kwa kubana matumizi, aliweka rezista moja tu juu ya waya wa buluu, ihudumie taa zote nne. Matokeo yakawa kwamba kichwa kikienda mbele, nyuma panawaka nyekundu na mbele ni giza. Kikirudi, vivyo hivyo kwa upande wa pili. Taa nyeupe hazikuwaka kabisa. Alikuwa amekwisha kubadilisha dekoda, akapata giza lile lile, na akawa anatafuta pesa za kununua ya tatu.

Niliukata mguu mmoja wa LED nyekundu, na papo hapo nyeupe ikawaka. Alinitazama kana kwamba nimefanya kiini macho, ilhali sababu yake ni ya hesabu tu. LED nyekundu hutosheka na kama volti 2. Zikifungwa sambamba nyuma ya rezista moja, nyekundu huishusha volti ya pale hadi 2 na kuishikilia hapo, na nyeupe inayohitaji 3 haipati kitu. Ni kama sinia moja la bukari, yaani ugali, kwa watoto wawili, mmoja akiwa mfupi na mwingine mrefu, nawe ukaliweka chini ya kitanda. Tukaipa kila LED rezista yake, na dekoda ya kwanza, ile iliyohukumiwa, ikarudi kazini.

Mtaniuliza mbona michoro mingi huonyesha rezista moja kwenye buluu. Mchoro huo ni sahihi pale ambapo LED moja tu huwaka kwa wakati mmoja, mbele au nyuma. Siku utakapoongeza nyekundu, au taa ya chumba cha dereva, mchoro huo haukufai tena. Kama unataka kubana rezista kwa LED mbili nyeupe za upande mmoja, zifunge kwa mfuatano: zitakula volti 6, na rezista ile ile ya omu 1000 itapitisha miliampea 7.

Naona saa inanikimbia. Kabla ya kuituhumu dekoda, tengeneza kijiti cha majaribio: LED moja unayojua ni nzima, rezista ya omu 1000, na nyaya mbili. Gusisha upande wa mguu mrefu kwenye buluu na wa pili kwenye mweupe, kichwa kikiwa kimeamriwa kwenda mbele na kitufe cha taa kikiwa kimebonyezwa. Nasema kitufe kwa makusudi, maana nimeshuhudia baba wazima wakibishana juu ya taa ambayo hakuna aliyeiamuru iwake. Kijiti kikiwaka, kosa liko katika nyaya zako. Multimeta peke yake inaweza kukudanganya, kwa kuwa upinzani wake ni mkubwa na hata mkondo mdogo unaovuja huonekana kwake kuwa volti.

Yaliyobaki nayasema mbio. Taa zikiwaka na kuzima kila unapopandisha mwendo hatua moja, dekoda inasubiri mwendo wa hatua 14 na kidhibiti kinatuma 28, na biti, yaani chembe ya amri, iliyo ya mwendo kwa mmoja ni ya taa kwa mwenzake; rekebisha CV 29, namba ya mpangilio iliyohifadhiwa ndani ya dekoda, ambayo kwa dekoda nyingi hufaa ikiwa 6. Kichwa kikirudi nyuma huku taa ya mbele ikiwaka, badilisha waya wa rangi ya machungwa na wa kijivu wa mota, kwa maana ukigeuza uelekeo ndani ya CV 29, taa zitageuka pamoja na mota nawe utabaki ulipo. Mwanga ukiwa hafifu na wa kutetemeka, tazama kama LED imefungwa kwenye fremu badala ya buluu, kwani hapo hupata nusu tu ya umeme. Ikipepesa kwenye mwendo wa polepole, safisha magurudumu. Balbu iliuficha uchafu huo kwa kubaki na joto, lakini LED haifichi.

Walioleta vichwa wavisogeze mezani kwa zamu, magamba yakiwa yamefunguliwa, na vyote vipitie kwanza reli ya kuprogramu, ambayo mkondo wake umewekewa kikomo. Nani ana kijiti?