Mtungi na Mfereji: Podikasti Inapoacha Kuwa Faili

Mhadhara uliotolewa jioni katika ukumbi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa

Masalkheri. Ahsanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliovuka kutoka Likoni saa hizi ambazo kila mtu anarudi kwake.

Nitaanza na maji, kwa sababu mtu wa Mombasa ukimtajia mtiririko atakuangalia kwa jicho la huruma. Nyumba zetu zina mifereji, na nyumba zetu zina mitungi. Mfereji ukitoa maji hapana raha kama hiyo. Wafungua, waoga, wafunga. Lakini ni nani hapa asiye na jerikeni nyuma ya mlango? Mwenye mkokoteni akipita tunajaza, maana mfereji una siku zake. Podikasti, hivi vipindi vya kusikiliza simuni, tangu izaliwe ilikuwa mtungi: faili unalolihifadhi kwako. Sasa yageuzwa mfereji: kipindi chakutiririkia kutoka mtandaoni wakati ule ule unapokifungua. Hayo ndiyo niliyokuja kuyasema. Yaliyobaki ni habari za mabomba.

Mtungi wenyewe ulifinyangwa hivi. Mwishoni mwa mwaka 2000, Mmarekani aitwaye Dave Winer aliongeza kitu kidogo kwenye RSS, ule mlisho ambao tovuti hutumia kutangaza kuwa zina jambo jipya: aliweka mahali pa kuambatisha faili la sauti. Basi. Programu ya msikilizaji hupita kwenye mlisho, ikikuta faili jipya hulipakua, wewe ukiamka utalikuta simuni. Jina la podikasti lilikuja baadaye, Februari 2004, pale Ben Hammersley alipokuwa akiandika makala katika gazeti la Guardian la Uingereza akitafuta neno la kuliita jambo hili. Juni 2005 Apple wakaziingiza podikasti katika iTunes. Na mpaka leo nyingi za sauti ziko vile vile: faili moja la MP3, zima, limekaa kwenye seva, kompyuta ya mtandaoni inayolihifadhi, lasubiri kuchukuliwa.

Mfereji una ufundi mwingine. Mwaka 2009 Apple walitoa mfumo wa kutiririsha uitwao HLS, nao umeenea kila pembe. Kipindi hakikai kama faili moja. Hukatwa vipande vya sekunde chache, sita hivi mara nyingi, na kila kipande hutengenezwa kwa ngazi kadhaa: kuna kizito chenye picha kali, kuna cha kati, kuna chepesi, na mwisho kabisa waweza kuweka sauti tupu. Kisha huandikwa orodha, kijifaili cha maandishi kinachosema kipande cha kwanza kiko hapa, cha pili kiko pale. Simu husoma orodha, hupima kasi ya mtandao, na kila inapotaka kipande kinachofuata huamua ichukue cha ngazi gani.

Mamangu nilimweleza kwa biriani, akanielewa upesi kuliko wanafunzi wangu. Kumbukeni neno letu kupakua lilikuwa la sufuria kabla halijawa la simu. Zamani ulikuwa ukiletewa sufuria nzima nyumbani. Sasa mpishi amekaa na sufuria yake, anakupakulia sinia moja moja, na akiona mlango ni mwembamba sinia inayofuata huwa ndogo.

Ukitaka kuuona ufundi huu ukifanya kazi, ingia feri. Mmejaa, kila mtu na simu yake, mtandao unazimia. Video ya kizamani ingeganda, kile kiduara kikazunguka mpaka mteremke upande wa pili. Hii ya ngazi haigandi. Picha huingia ukungu, sura ya mtangazaji ikawa kama imechorwa na mtoto wa chekechea, kisha picha ikaondoka kabisa na sauti ikabaki yaendelea. Mkifika ng'ambo, sura yarudi.

Hapo ndipo ninapouona ukuta kati ya podikasti ya sauti na podikasti ya video ukibomoka. Kwenye enzi ya mtungi, aliyetaka kutoa zote mbili alilazimika kuwa na milisho miwili, na msikilizaji achague. Sasa kipindi ni kimoja. Mama yuko jikoni, simu ameifudikiza juu ya kabati, asikiliza tu. Akimaliza kuunga mchuzi aigeuza, akuta wazungumzaji wamekaa wanamtazama. Si kipindi kingine, wala hakuanza upya.

Lakini tupige hesabu, kwa sababu bando hainunuliwi kwa mashairi. Saa moja ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ni megabaiti 57.6. Ukishuka mpaka 64, na kwa mazungumzo yatosha kabisa, ni megabaiti 28.8. Kuna Opus, kodeki, yaani njia ya kubana sauti, isiyolipiwa, iliyosanifishwa mwaka 2012, ndiyo hiyo hiyo WhatsApp wanayofungia sauti mnazotumiana mchana kutwa. Opus kwa kilobiti 24 maneno yasikika vizuri, na saa nzima ni megabaiti 10.8. Sasa njooni kwenye video. Tuchukue ya kawaida tu, megabiti 2.5 kwa sekunde: saa moja yala zaidi ya gigabaiti 1.1. Kwa bando la kututazama sisi saa moja, mtu angetusikiliza kwa Opus saa 104. Ndugu watangazaji, kajitazameni kwenye kioo mjiulize kama sura zenu zina thamani hiyo. Mimi nimejiuliza, nikanyamaza.

Na kuna jambo halisemwi. Tunaambiwa mfumo huu una akili, wajirekebisha wenyewe. Kweli wajirekebisha, ila kwa kuitazama kasi. Mfuko wako hauuoni. Ukisimama penye mtandao mzuri pale Nyali, simu itapanda ngazi ya juu kabisa bila kukuuliza, na bando ulilotia la kutwa litakwisha kabla hujafika darajani. Anayetengeneza programu kwa ajili ya watu wetu aweke kitufe cha kusema "sauti tu", kikae mbele, kisifichwe ndani ya mipangilio vyumba vitatu.

Sasa niingie palipo na uzito.

Nina kipindi changu, wengine mwakijua, wanawake wanazungumza mambo ya nyumba: talaka, mahari, mirathi, watoto waliokwenda Arabuni kutafuta kazi. Nakwenda na simu na kimaikrofoni cha kubana kwenye leso. Bibi mmoja alinisimulia kwa dakika arubaini jinsi kaka zake walivyomnyima fungu lake katika nyumba ya baba yao. Jirani zake waliposikia sauti wakaijua, hilo hatukuliepuka, lakini sitara ilibaki. Kipindi kile ndicho kilichosikizwa kuliko vyote nilivyopata kutoa.

Mdhamini mmoja akaja akanambia, weka kamera tuongeze fungu. Sikumshangaa. Google walifunga programu yao ya podikasti mwaka 2024 wakawaelekeza watu YouTube Music, na Februari 2025 YouTube wakatangaza kuwa watu zaidi ya bilioni moja kwa mwezi wanafuatilia podikasti kwao. Pesa imehamia kwenye picha. Nikarudi kwa bibi nikamuuliza. Akautengeneza ushungi wake, akanambia: "Mwanangu, mimi nilikuja kusema. Sikuja kuangaliwa."

Mafundi wenzangu wakisema video imekuwa rahisi, wanazungumzia kuisafirisha. Kuonekana hakujawa rahisi. Kuna watu ambao sura zao zina gharama ambayo haiko kwenye bando: mke aliyeachwa, kijana aliyetoka kwenye madawa, mfanyakazi anayemsema mwajiri. Mfereji ukizoesha watu kwamba kipindi kisicho na picha ni kipindi pungufu, hao ndio watakaonyamaza kwanza, na wala hatutajua kwamba wamenyamaza.

Ninachofanya mimi ni hiki, mkitaka muige. Ngazi ya picha si lazima iwe sura ya mtu. Kwenye kipindi cha mirathi niliweka mchoro wa mafungu, nani apata sudusi, moja ya sita, na nani thumni, moja ya nane, ukibadilika kadiri bibi anavyosimulia. Kwenye kipindi cha mashairi niliweka beti zenyewe kwa hati ya Kiarabu na chini yake kwa herufi za Kilatini. Picha inayosimama vile haili bando sana, maana kodeki hubana vizuri kisichotikisika. Na aliyeko kwenye feri akiikosa, hajakosa kipindi.

Matangazo mubashara nitayapita haraka. Kwa HLS ya kawaida msikilizaji yuko nyuma yako sekunde ishirini, thelathini hivi, kwa kuwa simu hukusanya vipande kadhaa kabla haijaanza. Ndiyo sababu jirani mwenye redio hushangilia goli ilhali wewe kwenye simu mpira bado uko katikati ya uwanja. Tangu 2019 kuna aina ya HLS ya kuchelewa kidogo, inashuka hadi sekunde chache. Kwa mushaira, baraza la mashairi ya kujibizana, hizo chache bado ni nyingi.

Kuhesabu wasikilizaji ni habari tamu zaidi. Mtungi ulikuwa ukitudanganya. Seva yaona faili limechukuliwa. Limesikizwa au limeoza simuni, hakuna ajuaye. Mwaka 2023, iOS 17, mfumo wa simu za iPhone, ilipoacha kuzipakua ovyo podikasti ambazo mtu hazisikilizi tena, watangazaji wengi waliona hesabu zao zikiporomoka, na wasikilizaji walikuwa wale wale. Mfereji una mita. Kila kipande huombwa chenyewe, hivyo seva yajua kwamba dakika ya kumi na mbili nusu ya watu waliondoka. Yaumiza, lakini yafundisha. Mimi niligundua watu wanaruka utangulizi wangu wote. Nimeufuta.

Tangazo nalo laweza kubadilishwa kipande kwa kipande. Tangazo la nguo za Idi lililogandishwa ndani ya MP3 bado linatangaza Idi ya mwaka juzi. Kwenye mfereji, wa Lamu asikia la Lamu na wa Kisauni la Kisauni, dakika ile ile. Sasa jiulizeni: anayejua uliacha kusikiliza wapi, na uko mtaa gani, kipindi cha talaka umekirudia mara ngapi, ni nani? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na anayeendesha kipindi naye anaguswa na sheria hiyo. Msidhani ni ya mabenki pekee.

Wazee mlioko mbele nawaona mwatabasamu tangu nilipotaja mtungi. Mwakumbuka kaseti. Philips waliitoa mwaka 1963, na sidhani kuna mji ulioipenda kuliko huu. Arusini, tepurekoda chini ya jukwaa, asubuhi kopi ziko madukani, jioni ziko Lamu, wiki ya pili ziko Maskati. Taarabu ya Juma Bhalo ilitembea hivyo, na mawaidha ya masheikh vile vile. MP3 ilikuwa mtoto wa kaseti. Ukiipenda wamtumia shangazi kwa Bluetooth, na yeye hana hata shilingi ya bando.

Kipande cha sekunde sita humtumii mtu. Wamtumia kiungo. Na ukinitumia kiungo mimi nisiye na bando, umenitumia kiu.

Tena tusijidanganye kwamba tuko karibu na chemchemi. Kweli nyaya za mtandao za baharini zatua hapa hapa kwetu. SEACOM na TEAMS zilifika 2009, EASSy mwaka uliofuata. Lakini Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika huko kusini, na Afrika Mashariki nzima tukabaki twachungulia viduara vikizunguka. Wiki ile mwenye mafaili simuni hakujua kama kuna jambo.

Hapana ulazima wa kuchagua kimoja. HLS yenyewe maelezo yake yako wazi, yakachapishwa rasmi mwaka 2017, hailazimishi mtu kukaa kwenye jukwaa la kampuni yoyote. Kinachofunga ni mikataba. Na wale wa Podcasting 2.0, kazi ya kuuongezea uwezo mlisho wa RSS aliyoianza Adam Curry, mmoja wa waanzilishi wa podikasti, na wenzake mwaka 2020, wametengeneza lebo inayoruhusu mlisho mmoja wa RSS utaje MP3 na, pembeni yake, mtiririko wa video. Programu inayoelewa itafungua mfereji, isiyoelewa itachukua mtungi. Anayewauzia huduma ya kuhifadhi vipindi, muulizeni swali moja tu: faili langu bado lapakuliwa? Akianza kuzungukazunguka, shikeni njia.

Nimewawekea simu mbili hapa mezani. Kipindi ni kile cha bibi, kwa idhini yake. Simu ya kushoto inatiririsha kutoka kwa mtandao wa ukumbi, ya kulia ina faili. Zote zimeanza pamoja, mwazisikia. Fundi, chomoa ile ruta tafadhali. Ndiyo, kabisa.

Hesabuni nami. Moja, mbili, tatu... bado zote zasema, ile ya kushoto ina vipande ilivyoweka akiba... kumi na tisa, ishirini... ishirini na sita.

Ya kushoto imenyamaza. Ya kulia bibi yuko pale kaka mkubwa alipotoa karatasi za nyumba. Mwacheni afike mwisho wa hayo, kisha tuchukue maswali.